Asiyeweza Kujisaidia

Kiswahili ni lugha ya watu wenye adabu, na adabu hiyo huonekana zaidi pale mtu anapobanwa. Hatusemi fulani anakwenda kukojoa. Tunasema anakwenda haja ndogo. Mgeni mwenye heshima zake ataulizia msalani, kana kwamba anatafuta mahali pa kuswalia. Kwenye basi la mkoani utingo akitangaza kwamba gari litasimama dakika tano watu wakachimbe dawa, abiria hushuka na kutawanyika vichakani, na hakuna hata mmoja anayerudi na mzizi. Lakini neno ninaloliwazia kuliko yote hayo ni kujisaidia. Ndani yake limo wazo zima: kwamba hili ni jambo ambalo mtu hulimaliza mwenyewe, peke yake, mlango umefungwa. Mtu mzima hasaidiwi kukojoa. Hujisaidia.

Sasa nauliza, ndugu msomaji: yule asiyeweza kujisaidia, tumfanyeje? Tunaomzunguka tuna haki ya kugonga mlango ule, au adabu inatutaka tupite kimya na kujifanya hatukusikia kitu?

Najua wapo watakaokunja uso. Kurasa kama hizi zimezoea mapenzi, siasa na maisha magumu ya mjini. Mtu atasema, huyu naye, amekosa la kuandika hadi ameingia chooni? Sikukosa. Nimeuchagua mkojo kwa sababu naamini hapa ndipo heshima inapopimwa vizuri kuliko mahali pengine. Kumpisha mzee kiti kwenye daladala ni heshima nyepesi; unasimama, watu wanakuona, unajisikia mwema. Heshima inayofika hadi kwenye kibofu cha mzee huyohuyo ndiyo ngumu, maana haina watazamaji.

Tuanze na mwili wenyewe, kwa sababu maadili yasiyojua mwili unavyofanya kazi ni porojo tu. Kibofu ni mfuko wa misuli. Kwa mtu mzima kikifika mililita 400 au 500, yaani kama chupa ndogo ya maji ya dukani, mwenyewe huanza kutafuta mlango. Akifika, misuli ya kibofu hukaza, mlango wa chini hulegea, mkojo hutoka na mfuko hubaki mtupu. Tunaifanya kazi hii mara kadhaa kila siku bila kuifikiria, na ndiyo maana hatuishukuru.

Lakini inaweza kukwama kwa njia nyingi. Kwa wanaume kuna tezi dume, ambayo imeuzunguka mrija wa mkojo kama pete inavyozunguka kidole. Umri unavyokwenda tezi hiyo hukua, na pete hubana. Karibu nusu ya wanaume waliofikia miaka 60 tezi yao imeshakua, na kukua huko peke yake si saratani, ingawa wengi wakisikia neno tezi huanza kuandika wosia. Njia inaweza pia kuzibwa na jiwe, au na kovu lililoachwa na kisonono cha ujanani au na ajali. Kichocho cha mkojo, ugonjwa ambao watoto wengi wa pwani na Kanda ya Ziwa huupata kwa kuchezea maji, kikiachwa miaka mingi huharibu kibofu na mirija yake. Kisukari hufisha neva zinazokiambia kibofu kwamba kimejaa. Bodaboda ikianguka na uti wa mgongo ukaumia, mawasiliano hukatika kama simu iliyokatwa waya. Wanawake nao wamo: mama aliyetoka kujifungua kwa uchungu mrefu anaweza kukaa saa nyingi mkojo umegoma. Hata baadhi ya dawa za mafua za dukani, zile zinazokausha kamasi, zinaweza kumfungia mzee ambaye njia yake ilikuwa tayari imebana.

Kufunga kwa mkojo kuko kwa namna mbili. Kwa namna ya kwanza, mkojo hukata ghafla, na maumivu yake hayasimuliki. Huyu haya haitamzuia, maana maumivu yatamvua haya yote barazani mbele za watu. Atapelekwa hospitali usiku huohuo, atapitishiwa mpira, mkojo utatoka, na atambariki nesi pamoja na ukoo wake wote.

Namna ya pili ndiyo inayonitisha. Hii huja polepole, kwa miezi na miaka, mara nyingi bila maumivu. Kila akikojoa mkojo kidogo unabaki. Baada ya muda unabaki mwingi zaidi. Kibofu kinatanuka kama puto lililojazwa mara nyingi mno, misuli inachoka, na mwisho mfuko unajaa hadi kufurika. Mkojo unaanza kuvuja wenyewe, tone kwa tone, mchana na usiku. Hapo ndipo mgonjwa anapodanganyika, kwa sababu anadhani taabu yake ni mkojo kuwa mwingi, kumbe taabu yake ni mkojo kutotoka. Basi anaacha kunywa maji. Analala juu ya mpira wa kitanda cha mtoto. Anahesabu vyoo kabla ya kuhesabu nauli.

Maji yaliyosimama huzaa mbu. Mkojo uliosimama huzaa wadudu wa aina nyingine. Maambukizi huingia, yakitibiwa hurudi. Mawe huweza kujijenga humo ndani. Mkojo ukikosa njia ya kushuka, shinikizo hupanda juu kwenye mirija hadi kwenye figo, nazo huvimba na kuanza kushindwa kuchuja damu. Mtu anachoka bila kazi, chakula kinamchukiza, miguu inavimba, akili inakuwa na ukungu. Maambukizi yakiingia kwenye damu, mzee aliyekuwa anakwenda sokoni Jumatatu anaweza kuzikwa Ijumaa. Na mara nyingi yote hayo yangezuilika na mpira mwembamba, au vidonge, au upasuaji, kama angefika mapema.

Kwa nini hafiki mapema? Umaskini upo, siukatai. Lakini nimeona pia wenye bima na magari wakichelewa vilevile.

Mtaani kwetu, Ilala, palikuwa na fundi cherehani, mzee wa miaka sabini na kitu. Nusu ya sare za shule za mtaa ule zilipita mikononi mwake. Miaka yote alishonea barazani, anamsalimia kila apitaye. Siku moja tukaona cherehani imehamia ndani. Kisha mzee akaacha kwenda kwenye misiba ya mbali. Akaacha suruali za kijivu alizozipenda, akawa anavaa nyeusi tu. Akaanza kufukiza udi kutwa nzima, hadi wateja wakawa wanatania kwamba nguo zao zimeshonwa peponi. Mwisho akaacha kwenda msikitini hata Ijumaa, yeye ambaye zamani alikuwa safu ya kwanza. Mtaa ukatoa hukumu zake. Wengine walisema uzee. Wengine walisema kiburi. Alipoanza kuota tumbo, walisema anakula vizuri, watoto wake wanamtunza.

Na kweli walikuwa wanamtunza. Alikuwa na watoto watano, wote watu wazima, wote wanamheshimu mno. Wanamletea mchele, wanamlipia umeme, wakiongea naye wanainamisha macho. Kwa sababu wanamheshimu, hakuna aliyemuuliza kwa nini sebule inanuka udi saa zote.

Aliyeuliza alikuwa mjukuu, kijana wa kidato cha pili. Alikuwa anasubiri choo, babu yake yumo ndani robo saa nzima. Mzee alipotoka, kijana akamwambia, “Babu, tuwekeane dau basi, wewe na bomba la mtaa wetu, nani atatangulia kutoa maji?” Mzee alicheka hadi akashika ukuta. Halafu, akiwa bado anacheka, akasema, “Mjukuu wangu, bomba la babu yako limekufa siku nyingi.”

Hospitali walimpitishia mpira. Mfuko wa lita mbili ulijaa, wakaweka mwingine. Tumbo ambalo mtaa mzima ulikuwa unaliita kitambi lilikuwa kibofu. Vipimo vya damu vilionyesha figo zimeshaanza kuchoka. Alikaa na mpira miezi kadhaa, akafanyiwa upasuaji, akarudi barazani na cherehani yake. Figo hazikurudi zote.

Nimekisimulia kisa hiki si kwa ajili ya kuwasema watoto wale watano. Nimekisimulia kwa sababu kinanilazimisha nikitazame upya kitu tunachokiita mila zetu. Ukimuuliza mtu kwa nini hakumuuliza baba yake, atajibu, “Mila zetu haziruhusu.” Mimi nasema mila zinasingiziwa. Mila hazikusema mambo ya mwilini yasisemwe. Mila zilisema yasisemwe na kila mtu, wakati wowote, popote. Zikawapangia watu kazi ya kuyasema. Mtoto hamzungumzii baba yake habari za chini ya kiuno, sawa. Lakini babu na mjukuu ni watani; mjukuu anaweza kumwambia babu yake maneno ambayo mtoto akiyasema kwa baba yatavunja nyumba. Msichana hakumuuliza mama yake, lakini alikuwa na somo wake, na kungwi alimfundisha mwili mzima bila kuruka mahali. Palikuwa na shangazi. Palikuwa na mtani wa kabila jingine, anayeingia hata msibani na kusema lisilosemeka, watu wakacheka na ukweli ukapita katikati ya kicheko.

Yaani nyumba ya zamani ilikuwa na mlango wa mbele uliofungwa kwa haya, na mlango wa nyuma ulioachwa wazi kwa utani. Sisi wa mjini tumefanya nini? Wajukuu tumewaacha mkoani, au tumewafundisha wamsalimie babu kwa adabu na warudi kwenye simu zao. Masomo na makungwi tumewaona ushamba. Watani tumewageuza watu wa kuchangiwa harusi. Mlango wa nyuma tumeuziba kwa tofali, wa mbele tukauacha umefungwa vilevile, kisha tunashangaa mtu kafia ndani. Haya bila utani si mila. Ni nusu ya mila, na nusu hiyo peke yake inaua.

Tusidhani pia kwamba ni sisi tu tunaobanwa na adabu. Mwaka 1601, huko Prague, alikufa Mdenmaki mmoja, Tycho Brahe, mtaalamu wa nyota aliyepima mwendo wa sayari kwa macho matupu kwa usahihi ambao hakuna aliyeufikia kabla yake. Tarehe 13 Oktoba alikuwa mgeni kwenye karamu ya wakubwa. Alibanwa mkojo, lakini kunyanyuka mezani kabla ya mwenyeji kulikuwa ni utovu wa adabu, basi akavumilia. Aliporudi nyumbani mkojo haukutoka tena ila kwa shida kubwa na maumivu. Alikaa siku bila usingizi, homa ikapanda, akaweweseka, na tarehe 24 Oktoba akafariki, akiwa na miaka 54. Msaidizi wake, Johannes Kepler, ndiye aliyeacha maandishi kwamba bwana wake aliitanguliza adabu mbele ya afya. Baadaye zikazuka hadithi kwamba alipewa sumu. Kaburi lake likafukuliwa mwaka 2010, mabaki yakapimwa, na zebaki iliyokutwa haikutosha kumuua mtu. Madaktari watakwambia kwamba kubana mkojo usiku mmoja peke yake hakumuui mtu mwenye njia nzima. Huenda mzee yule alikuwa na tatizo lake la siku nyingi, karamu ikalimalizia. Mimi hilo ndilo linalonigusa. Mtu aliyejua sayari ya Mars iko wapi usiku gani, pengine hapakuwa na hata mmoja mezani pale aliyejua anaumwa.

Sasa niisikilize hoja ya upande wa pili, maana ina uzito. Rafiki yangu mmoja, mbishi wa kijiweni lakini anayesoma vitabu, aliniambia hivi: “Mwili wa mtu ni nyumba yake. Akiamua kufunga mlango na kufia humo, ni hiari yake. Wewe nani ukavunje? Mnataka kila mzee avuliwe nguo kwa jina la afya?” Akanikumbusha wazee waliosema kinagaubaga: afadhali nife kuliko binti wa umri wa mjukuu wangu anishike.

Hoja hii siipuuzi. Mtu mzima ana haki ya kuikataa tiba, na daktari anayemburuta mgonjwa ni askari, si daktari. Lakini nina mambo mawili ya kumjibu rafiki yangu.

La kwanza: hiari inataka kujua. Yule fundi wetu hakuchagua figo zake zichoke. Hakuwa na habari kwamba mkojo unaovuja ni mkojo uliofungwa. Aliacha maji akidhani anajitibu. Aliacha msikiti akidhani Mungu hamtaki na nguo yenye matone, wakati fiqhi ina mlango wake kwa mtu ambaye mkojo wake haukatiki: anajisafisha, anatawadha kwa kila swala ya faradhi, anaswali, na swala yake ni swala. Watu wa pwani wanalijua vizuri neno dharura. Dharura huhalalisha kilichokatazwa, na mgonjwa kufunuliwa mbele ya tabibu, kwa kadiri inayohitajika tu, ni mojawapo ya mambo yanayoruhusiwa kwa sababu hiyo. Hata anayebanwa wakati wa swala hutakiwa aende haja kwanza. Kama swala inaweza kumsubiri mtu atoke chooni, nani mwenye heshima kubwa kuliko swala? Uamuzi uliofanywa gizani, na mtu aliye peke yake, mimi siuiti hiari. Nauita upweke.

La pili: tusichanganye uchi na maumivu. Haya imepewa kazi ya kuufunika uchi, na kazi hiyo ni njema. Haikupewa kazi ya kuyafunika maumivu. Anayesema afadhali nife kuliko binti yule anishike, hajasema anataka kufa. Anaomba pazia. Anaomba nesi wa kiume kama yupo. Anaomba aambiwe kwanza kitakachofanyika, kwa sauti ya chini, asitangaziwe wodi nzima kwamba “huyu wa mkojo ni kitanda cha nne.” Ukimpa hayo mengi wao watakubali. Haya ya mgonjwa ni amana, na amana hailindwi kwa kuitupa wala kwa kumzika nayo mwenyewe. Inalindwa kwa pazia, kwa mlango, kwa adabu ya anayeshika mpira.

Ndipo ninapofika kwenye jambo ambalo hatupendi kuambiwa. Ile haya tunayosema ni ya mzee, mara nyingi ni yetu. Sisi ndio tunaoogopa kuuliza. Tunaogopa kumwona dingi kama mtu mwenye kibofu. Tunaogopa kwamba tukiuliza tutajibiwa, na tukijibiwa tutatakiwa tumsindikize, tukae kwenye benchi, tumwage mfuko asubuhi na jioni. Basi tunanyamaza, na kimya chetu tunakipa jina zuri. Heshima ya namna hiyo haimpi mzee chochote. Inatupa sisi starehe.

Na hapo sizungumzii wazee peke yao. Kuna watu ambao njia yao haina kasoro, ila mji wenyewe umewafunga. Muulize mama ntilie anayekaa tangu alfajiri hadi saa kumi jioni mahali ambapo choo kiko mbali, kinalipiwa, na hakina kitasa. Atakwambia hanywi maji hadi afunge biashara. Muulize msichana wa shule ambayo matundu ya choo yanahesabika na milango imeng’oka. Hawa hubana mkojo kila siku kwa haya ileile, na maambukizi ya njia ya mkojo yanayowarudia hayatokani na uchafu wao, kama wanavyosimangwa. Mwanamume atachepuka ukutani palipoandikwa “usikojoe hapa”, maisha yakaendelea. Mwanamke atasubiri giza. Mji unaojenga maghorofa ukasahau mlango wenye kitasa umewaambia nusu ya watu wake kwamba haja yao ni ndogo kweli.

Yupo aliyefanya kinyume na kimya hiki, na kisa chake nakipenda kwa sababu hakina makuu. Mwaka 1752, mwaka uleule unaosimuliwa kwamba Benjamin Franklin alirusha tiara lake kwenye radi, kaka yake John, aliyekuwa Boston, alikuwa anateswa na jiwe la kibofu. John hakuficha, alimwandikia mdogo wake. Mirija ya kutolea mkojo ya wakati ule ilikuwa ya chuma kigumu, mateso juu ya mateso. Franklin alibuni mrija wa fedha unaopindika, akaenda kwa sonara wa Philadelphia, akamwelekeza, akakaa pale dukani hadi ukamalizika, kisha akautuma kwa barua ya tarehe 8 Desemba. Dunia inamkumbuka kwa umeme. Mimi namwona zaidi pale kwenye kiti cha sonara, anasubiri mrija wa mkojo wa kaka yake. Hakuna aliyevunjiwa heshima katika kisa kile. Mmoja alisema, mwingine akasikia, mkono ukafanya kazi.

Nimalizie na sisi tunaoshika kalamu, kwa kuwa wengi wanaosoma ukurasa huu wanaandika au wanataka kuandika. Tazameni hadithi zetu watu wanavyokufa. Wanakufa kwa mapenzi, kwa risasi, kwa ajali, kwa kurogwa. Hakuna anayekufa kwa mkojo. Hivi mashujaa wetu hawana vibofu? Jean-Jacques Rousseau alisumbuliwa na kibofu maisha yake yote. Mwaka huohuo wa 1752 opera yake ilichezwa Fontainebleau mbele ya mfalme wa Ufaransa, akaambiwa kesho yake aende akaonane na mfalme, na huenda angepewa pensheni. Akaondoka zake. Miongoni mwa sababu alizozitaja ni hofu ya kubanwa mbele ya wakubwa. Baadaye akawa anavaa kanzu ya Kiarmenia, kwa sababu ilimrahisishia maisha yenye mipira na kibofu kikorofi. Haya yote tunayajua kwa sababu aliyaandika mwenyewe, kwenye kitabu kilekile alichoandikia fikra zake na mapenzi yake. Hakuona kwamba kibofu kinapunguza falsafa.

Na sisi tunaweza. Miaka ya 1990 vijana wa Dar waliuita ukimwi umeme, wakauita miwaya, wakauita ngoma. Majina yalikuwa mengi kwa sababu jina lenyewe lilikuwa halitamkiki. Leo kondomu inatajwa redioni mzee akiwa anakunywa chai, na hajaanguka. Lugha haikuharibika. Ilipanuka kidogo tu, watu wakapata pa kupitia. Kwa kibofu bado hatujaanza, na maneno tunayo tayari. Si lazima umuulize mzee wako kwa lugha ya hospitali. Muulize akichelewa chooni kama maji yanatoka vizuri. Muulize usiku anaamka mara ngapi. Ukiona wewe ni mtoto na ulimi mzito, mtume mjukuu. Ndiyo kazi yake tangu zamani.

Tunapenda kusema mficha maradhi kifo humuumbua, na methali hiyo inatufaa kwa kuwa lawama yote inamwangukia mgonjwa. Lakini wahenga waliacha na nyingine: aibu ya maiti aijuaye mwosha. Hiyo ndiyo inayoninyima usingizi. Mwosha hufika, hufunua, huona tumbo lilivyokuwa, huona ngozi ilivyochubuliwa na mkojo wa miaka, naye hunyamaza, maana amefunzwa kunyamaza na hakuna tena la kufanya ila kumwaga maji. Ningependa katika kila nyumba awepo mtu mmoja aliyejua kabla yake.